Dk. Hench, daktari aliyejifunza kwa mgonjwa

Philip Hench alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1896, akawa daktari wa baridi yabisi katika Kliniki ya Mayo. Mwaka 1929 mgonjwa wake mmoja alipata manjano, na maumivu ya viungo yakatulia. Hench hakulipuuza jambo hilo; alilifuatilia karibu miaka 20. Septemba 1948, yeye na wenzake walimdunga kotisoni mwanamke aliyetembea kwa shida kubwa. Siku chache baadaye alitembea vizuri. Mwaka 1950 Hench akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini madhara yalijitokeza: uso kujaa, mifupa kudhoofika. Madaktari wakalazimika kujifunza upya vipimo vya dawa hiyo. Hench alifariki mwaka 1965. Wewe au mwanao mkipewa dawa za jamii hiyo, msiziache ghafla. Mwelezeni daktari kila badiliko.