JUMBE KIBASILA NA SHAMBA LA PAMBA

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya chama chetu kikuu, kurasa nyingi zimepewa hesabu za korosho, picha za maghala na majina ya wale walioongoza tangu siku ya kwanza. Ni haki yao. Lakini imeonekana yafaa kurasa chache zitengwe kwa ajili ya mtu ambaye hakupata kuwa mwanachama wa chama chochote cha ushirika, maana alikwisha kufa miaka mingi kabla ya serikali ya Waingereza kutunga sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika, mwaka 1932. Mtu huyo ni Jumbe Kibasila wa Kisangire.

Watu wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya shule ya sekondari iliyoko Dar es Salaam ambayo imeitwa kwa heshima yake. Walio wachache ndio wanaojua kwamba alikuwa Mzaramo wa huku kwetu, kusini ya Uzaramo, na kwamba jambo lililomfikisha kwenye kitanzi lilianza na shamba lililosemekana kuwa ni la watu wote.

Ili tumwelewe Kibasila, yatupasa kwanza kuielewa nchi aliyoiongoza. Uzaramo ya karne ya kumi na tisa ilikuwa nchi ya vijiji vidogo vidogo vilivyotawanyika katika vilima na mabonde ya nyuma ya pwani. Watu walilima mtama, mpunga na muhogo. Walichimba sandarusi, ambayo wafanya biashara waliinunua na kuipeleka ng'ambo. Nao waliwinda katika misitu yao. Ardhi haikuwa bidhaa. Aliyefyeka pori alikuwa na haki ya shamba lake maadamu analilima, na aliyepanda mwembe au mnazi, mti ulikuwa wake na wa jamaa zake. Mkubwa wa kijiji hakuiuza ardhi. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu, kuamua magomvi ya mipaka na kumwonyesha mgeni mahali pa kulima. Heshima yake ilitegemea hukumu zake, na watu wasioridhika naye walikuwa na njia moja iliyo rahisi, nayo ni kuhama.

Mambo yalibadilika Wajerumani walipoishika nchi. Mwaka 1891 Dar es Salaam ilifanywa makao makuu ya serikali yao, na hivyo Uzaramo, iliyokuwa mlangoni pa mji huo, ikawa chini ya macho ya watawala kila siku. Mwaka 1895 ilitolewa amri ya Kaizari iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe aliyethibitika ni mali ya serikali. Mwaka 1897 ilitungwa kodi ya nyumba. Mwaka 1904 ikafuata sheria ya kuhifadhi misitu, na pori ambalo watu walilizoea kwa kuni, miti ya kujengea na mawindo likawekewa mipaka mipya. Katika utawala huo majumbe waliwekwa chini ya maakida, na akida aliwajibika kwa Mjerumani wa bomani. Jumbe aliyekuwa mzee wa watu wake sasa alitakiwa kuwa mkono wa serikali: kukusanya kodi, kutoa watu wa kazi na kuitikia alipoitwa.

Huo ndio ujumbe alioushika Kibasila. Ulikuwa ujumbe wenye nyuso mbili, na kila jumbe wa zama hizo ilimbidi achague ni uso upi atakaowaonyesha watu wake.

Katika mwaka 1902, chini ya Gavana Graf von Götzen, ulianzishwa mpango wa kulima pamba katika wilaya ya Dar es Salaam. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilihitaji pamba, na serikali haikutaka kutegemea pamba ya Marekani peke yake. Ikaamriwa kwamba katika eneo la kila jumbe pawepo shamba moja kubwa la pamba, na kwamba kila mtu mzima wa eneo hilo afanye kazi humo kwa siku 28 katika mwaka. Kwa maneno, lilikuwa shamba la kijiji. Watu wa kijiji ndio waliofyeka, waliopanda, waliopalilia na waliochuma. Mapato yalipaswa kugawanywa katika mafungu matatu: moja la wafanya kazi, moja la jumbe, na moja la wale waliosimamia zao hilo na uuzaji wake.

Msomaji aliyezoea mikutano ya ushirika atauona upungufu wa mpango huo mara moja. Tuseme kwa mfano kwamba shamba fulani limeleta rupia 300, na ya kuwa watu 100 wamelilima. Jumbe peke yake angepata rupia 100. Wasimamizi wangepata rupia 100. Na wale watu 100 waliotoka jasho wangegawana rupia 100 zilizobaki, yaani rupia moja kwa kila mtu kwa kazi ya mwaka mzima. Huo ni mfano tu wa kuonyesha jinsi mgawanyo ulivyokuwa. Hali yenyewe ilikuwa mbaya kuliko hivyo. Malipo ya kwanza yalipotolewa, kila mfanya kazi alipata senti 35, na wako waliokataa hata kuzipokea.

Lakini fedha haikuwa kilio pekee. Siku 28 za shamba la pamba ziliangukia katika majira yale yale ambayo mtu alipaswa kuwa katika shamba lake la chakula. Pamba haingojei, wala mpunga haungojei. Katika Uzaramo nguruwe mwitu walikuwa adui mkubwa wa mazao, na shamba lisilolindwa usiku mmoja huweza kuliwa lote. Wanaume walipokuwa kwenye pamba au wamekwenda kutafuta fedha ya kodi, ulinzi na kilimo viliwaangukia wanawake. Na aliyechelewa au kutoroka alijua kinachomngoja: kiboko, hamsa u ishirini, yaani fimbo 25, mbele ya macho ya watu.

Wala hapakuwa na baraza ambamo mkulima angeweza kusimama na kuuliza. Kila wilaya ilikuwa na mfuko na halmashauri yake, iliyojulikana kwa neno la Kijerumani Kommune, ambayo ilikuwa aina ya serikali ya mtaa ya siku zile; lakini sauti iliyosikika humo ilikuwa ya maofisa na walowezi. Mkulima wa Kisangire hakuulizwa kama ataka pamba, hakuulizwa shamba liwe wapi, hakuona mizani ilipopimwa, wala hakusomewa daftari. Alionyeshwa jembe tu.

Hapa ndipo tunapokutana na Kibasila kama mtu wa kukumbukwa. Tukumbuke ya kuwa mpango ule ulimpa jumbe theluthi nzima ya mapato. Mlango wa faida ulikuwa wazi mbele yake. Jumbe ambaye angewasukuma watu wake kwa nguvu angejaza mfuko wake na kupata sifa bomani, na ambaye asingefanya hivyo angejiletea mashaka. Kibasila alikuwa upande wa waliokataa. Aliisimamia chuki ya watu wake juu ya pamba ya kulazimishwa, na jina lake likajulikana katika Uzaramo kuwa jina la mpinzani wa kazi hiyo.

Mwishoni mwa mwezi wa Julai, 1905, watu wa Umatumbi, kusini ya Mto Rufiji, waling'oa pamba katika shamba la serikali, na kwa tendo hilo Vita vya Maji Maji vikaanza. Kabla ya hapo watu wengi walikuwa wamekwenda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, aliyewapa maji na kuwafundisha kwamba makabila yote ni watu wa asili moja, nayo maji yatawakinga na risasi. Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro mnamo tarehe 4 Agosti, 1905, lakini ujumbe wake ulikuwa umekwisha kumtangulia. Katika muda wa wiki chache vita vilikuwa vimefika Uzaramo, na Kibasila alikuwa miongoni mwa viongozi wake upande huu.

Maji hayakuzuia risasi. Silaha za Wajerumani na askari wao zilikuwa na nguvu kuliko mikuki, pinde na magobori. Kibasila alikamatwa, naye akanyongwa kama walivyonyongwa viongozi wengine wengi wa vita hivyo. Katika nchi za kusini vita viliendelea hadi mwaka 1907, na Wajerumani walichoma vijiji na vyakula mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo risasi haikuimaliza. Serikali yao ilikadiria kwamba watu 75,000 walikufa. Wataalamu wa historia wa siku za baadaye wametaja idadi kubwa zaidi, hata kufikia 300,000.

Yawezekana mtu akauliza kama kifo cha Kibasila kilileta faida yo yote. Jibu limo katika mambo yaliyofuata. Von Götzen aliondoka mwaka 1906, na gavana aliyemfuata, Freiherr von Rechenberg, hakuyarudisha mashamba yale ya pamba ya kulazimishwa. Mpango uliotangazwa kuwa ni maendeleo ya wenyeji ulikufa, kwa sababu wenyeji wenyewe waliukataa kwa gharama ya damu. Wajerumani walijifunza, ingawa kwa kuchelewa, kwamba mkulima akilazimishwa hulima kwa mikono, lakini moyo wake huwa mbali.

Sasa twaweza kuona kwa nini habari za mtu huyu zimewekwa katika kijitabu cha ushirika. Kwa mtazamo wa juu juu, shamba la pamba la mwaka 1902 lilifanana na ushirika. Watu walifanya kazi pamoja, zao likauzwa kwa pamoja, na mapato yakagawanywa. Walakini halikuwa ushirika hata kidogo. Wingi wa mikono katika shamba moja haufanyi ushirika. Ushirika ni mtu kuingia kwa hiari yake, kuwa na kura yake mkutanoni, na kusomewa hesabu ya jasho lake. Wahenga wametuachia neno lao kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba daftari lisilosomwa mbele ya wenye mali ni sawa na kutokuwapo.

Somo hilo halikuisha pamoja na Wajerumani. Mwaka 1976, serikali yetu wenyewe ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na wanachama hawakuulizwa. Ikabidi sheria mpya itungwe mwaka 1982 ili virudi. Katika mambo ya ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imeweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, lakini imeiamuru halmashauri hiyo isimgawie mtu ardhi kabla ya kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ni kifungu kifupi, nacho kina uzito mkubwa. Kila mara mwenyekiti na wajumbe wachache wanapogawa eka za umma katika chumba kilichofungwa, kisha wakauita uamuzi huo kuwa ni wa wananchi, wanarudi katika desturi ile ile iliyomnyima sauti mkulima wa Kisangire.

Sisi tulioko hapa Kwa Mathias, kando ya barabara ya Morogoro, twaona jinsi mji wa Kibaha unavyokua na jinsi kiwanja kinavyopanda bei. Ndugu zetu wa Kisarawe nao wanauona mji wa Dar es Salaam ukiwakaribia kila mwaka. Pale ardhi inapokuwa na thamani, na korosho inapokuwa na bei nzuri mnadani, kiongozi huonyeshwa fungu lake kama majumbe walivyoonyeshwa theluthi yao. Hapo ndipo yafaa kumkumbuka Kibasila. Si lazima mtu awe shujaa wa vita ili amfuate. Yatosha kuitisha mkutano kwa wakati wake, kusoma hesabu yote bila kuficha ukurasa, na kukataa fungu asilostahili.

Nao wanachama wana sehemu yao. Wakulima wa mwaka 1902 hawakuwa na mkutano wa kuhudhuria, sisi tunao. Mtu aachaye kiti chake kitupu siku ya mkutano mkuu, kisha akalalamika njiani, anaitupa kwa hiari yake haki ambayo wazee wetu waliitafuta wakaikosa. Chama chetu kinapoingia katika miaka kumi ya pili, na kila mwanachama aje, aulize, apige kura, na asiondoke mpaka daftari limesomwa hadi mwisho.