Mkono Hutangulia Kalamu: Maisha ya Bibi Maria Montessori

Wazazi wengi, bara na visiwani, wana lalamiko moja juu ya shule za watoto wadogo, zile ambazo wazee wetu waliziita shule za vidudu. Hulipa ada, hushona sare, huamka alfajiri kumtayarisha mtoto. Na jioni wakimwuliza amejifunza nini, mtoto hujibu kwamba leo wamekwenda sokoni, wamehesabu maembe, kisha wamemimina maji kutoka jagi hadi kikombe. Mzazi hukunja uso. Yeye alimpeleka mtoto asome, wala si akacheze na maji. Mwalimu naye, akiogopa kupoteza wanafunzi, huacha matembezi yake na kuwaketisha watoto wa miaka 4 mbele ya ubao waimbe herufi tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Lalamiko hilo halitoki kwa wazazi wabaya. Latoka kwa watu wanaowatakia watoto wao mema, na pengine wao wenyewe hawakupata nafasi ya kusoma. Kwa hiyo twapenda leo kueleza maisha ya mwanamke mmoja Mkatoliki aliyeletewa ombi kama hilo na akina mama maskini zaidi ya miaka 100 iliyopita, naye akaona la kufanya.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji wa Chiaravalle, Italia. Alikuwa mtoto wa pekee. Alipokuwa na umri wa miaka 5 wazazi wake walihamia Roma. Siku zile msichana aliyesoma alitazamiwa kuwa mwalimu, basi. Maria alikataa. Kwanza aliingia shule ya ufundi pamoja na wavulana, kisha akataka udaktari, jambo ambalo baba yake hakulipenda. Katika Chuo Kikuu cha Roma haikuonekana vema mwanamke apasue maiti mbele ya wanaume. Hivyo alifanya kazi hiyo jioni, peke yake. Mwaka 1896 alipata shahada yake, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza katika Italia nzima kuwa madaktari.

Kazi yake ilimfikisha katika nyumba walimofungiwa wagonjwa wa akili, na humo aliwakuta watoto. Waliwekwa katika chumba kitupu, hawana chochote cha kushika. Mtunzaji wao aliwadharau, kwa kuwa kila baada ya chakula walitambaa sakafuni wakiokota makombo ya mkate. Daktari huyo kijana aliwatazama kwa makini, akatambua kwamba si njaa ya tumbo iliyowatambaza. Mikono yao ndiyo iliyokuwa na njaa. Makombo yale yalikuwa vitu pekee vya kuchezea katika chumba kile. Akatafuta vitabu vya madaktari wawili Wafaransa waliomtangulia, Itard na Séguin, akatengeneza vifaa vya kushika na kupanga, akawafundisha watoto wa namna hiyo. Baadhi yao walifaulu mtihani wa kusoma na kuandika sawasawa na watoto wazima. Watu walimsifu, yeye akajiuliza swali gumu zaidi: ni kitu gani kinawarudisha nyuma watoto wazima shuleni, hata wakalingana na hawa wake?

Hapo yatupasa kutaja jambo ambalo wengi hupenda kulipita. Mwaka 1898 alijifungua mtoto wa kiume, Mario, bila ndoa. Kwa desturi za wakati ule habari hiyo ingemfungia milango yote, na mtoto alilelewa kwa siri na jamaa moja ya shamba. Kwa miaka kama 15 mama alimtembelea mwanawe bila kujitambulisha. Baada ya mama yake mzazi kufariki mwaka 1912, Maria alimchukua Mario, na tangu hapo hawakuachana. Kijana akawa msaidizi wake mkuu. Hatusemi hayo ili kumhukumu. Twayasema kwa sababu aliyewafundisha walimwengu kumheshimu mtoto alijua vema uchungu wa kuwa mbali na wake.

Tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa vibarua na maskini. Wenye majumba walitaka mtu wa kuwaangalia watoto wapatao 50, wa miaka 3 hadi 6, wasiharibu kuta na ngazi wazazi wakiwa kazini. Bibi Montessori aliagiza meza na viti vyepesi ambavyo mtoto aweza kuvibeba mwenyewe. Akaleta vipande vya mbao vya kupachika katika matundu yake, vitambaa vya kufunga na kufungua vifungo, beseni za kunawia, mifagio midogo. Vyombo vilikuwa vya kauri na kioo, ili mtoto ajifunze kutembea navyo kwa uangalifu. Siku moja aliwafundisha namna ya kupenga kamasi kwa leso pasipo kelele. Alipomaliza, watoto walimpigia makofi. Walikuwa wakikemewa kila siku kwa ajili ya pua zao, lakini hakuna aliyewahi kuwaonyesha jinsi ya kuzisafisha.

Ndipo wakaja akina mama. Wengi wao hawakujua kusoma. Walimwomba awafundishe watoto wao kusoma na kuandika. Bibi Montessori hakuwa amekusudia hivyo, maana aliwaona ni wadogo mno. Lakini hakuwadharau wazazi wale. Alikata herufi katika karatasi ya msasa, akawapa watoto wazipapase kwa vidole huku wakitamka sauti zake. Miezi michache ikapita. Siku moja, darini juu ya nyumba, alimpa mtoto wa miaka 5 kipande cha chaki, amchoree dohani. Mtoto akachora, kisha kwa ghafula akaanza kuandika maneno sakafuni, akipiga kelele kwa furaha kwamba aweza kuandika. Wenzake wakamzunguka, nao wakaomba chaki. Mkono uliozoea kushika, kufuta na kufuata umbo la herufi ulikuwa tayari. Kalamu ilikuja kukamilisha kazi iliyokwisha kuanza.

Wazazi wengi wa leo hawalijui jambo hilo. Akina mama wa San Lorenzo walipata walichokiomba, na walikipata kwa njia ya mikono ya watoto wao. Tena walikuwa na wajibu wao: kila mama alitakiwa kumleta mtoto akiwa safi, na angalau mara moja kwa juma aende kuzungumza na mwalimu.

Mwaka 1909 alichapisha kitabu juu ya njia yake, na sifa zake zikaenea duniani. Alihamia Barcelona, Uhispania, na huko watoto walifundishwa hata dini kwa mikono: walipanda ngano na mizabibu, wakaitunza na kuivuna, ili wajue mkate na divai ya altare hutoka wapi. Mwaka 1924 serikali ya Mussolini ilianza kuzisaidia shule zake za Italia, naye akaupokea msaada huo. Wengi wamemlaumu kwa hilo, wala hatuoni namna ya kumtetea. Mwisho ulikuja mwaka 1934, shule zile zilipofungwa, kwani mwalimu anayetaka mtoto afikiri mwenyewe hapatani na mtawala anayetaka mtoto apige saluti tu. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimtoa Uhispania, akaenda Uholanzi.

Mwaka 1939, akiwa na miaka 69, alivuka bahari kwenda Madras, Uhindi. Mwaka uliofuata Italia iliingia vitani upande wa maadui wa Waingereza. Mario akatiwa kizuizini, na mama yake akawekewa mipaka ya kutembea. Alipotimiza miaka 70, tarehe 31 Agosti 1940, serikali ilimrudishia mwanawe. Walikaa Uhindi hadi mwaka 1946, wakafundisha walimu zaidi ya 1,000. Huko, hasa katika vilima vya Kodaikanal, majani, mbegu na wadudu wa mahali pale ndivyo vilivyokuwa vifaa vya masomo.

Bahari iliyopiga pwani ya Madras ndiyo hiyo hiyo inayoizunguka Pemba. Kisiwani Pemba chekechea huitwa skuli ya maandalizi, na sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliihesabu kuwa sehemu ya elimu ya msingi. Kabla ya hapo, mpango wa skuli za awali za madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan, ulifika Zanzibar mwaka 1990. Wanawake wa vijijini walifunzwa kulea watoto kwa kutumia vitu vya kwao, sambamba na mafundisho ya dini yao. Mpango huo haukutoka kwa Bibi Montessori. Una waasisi wake na njia zake. Lakini umesimama juu ya ukweli ule ule alioukuta San Lorenzo. Na huku bara, Lushoto na Mtwara, masista wetu wamefundisha walimu wa chekechea kwa njia yake mwenyewe.

Mwalimu wa Pemba hakosi vifaa. Msimu wa karafuu, mtoto aweza kukaa jamvini akichambua karafuu na makonyo. Hapo anajifunza kutofautisha, kuhesabu, na kunusa. Vifuu ni vipimo vya maji na mchanga. Sokoni Chake Chake kuna samaki wa kulinganisha wakubwa kwa wadogo. Bandarini Mkoani kuna meli ya kuuliza inatoka wapi. Bibi Montessori alisisitiza matembezi hasa kwa watoto waliopita miaka 6. Kwa wadogo alitaka bustani na wanyama karibu na darasa. Kwa mtoto wa Pemba shamba la karafuu na pwani ndivyo vilivyo karibu na darasa lake. Wavuvi na wachuuzi wanaowapokea watoto hao kwa upole nao ni walimu, ingawa hawapati mshahara.

Tarehe 6 Mei 1952, katika mji wa Noordwijk, Uholanzi, Bibi Montessori alikuwa na miaka 81. Alikuwa ameitwa Ghana, ambayo siku hizo iliitwa Gold Coast, na siku hiyo alizungumza na Mario juu ya safari hiyo. Mwanawe alimzuia, akisema afya yake haitaweza. Muda mfupi baadaye alifariki, na akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya mji huo.

Yeye hakufika Afrika, lakini kazi yake imefika. Basi, mzazi, mtoto wako arudipo leo akasema kwamba wamekwenda sokoni, usikunje uso. Mpe jagi na kikombe, akuonyeshe. Na juma hili pita shuleni, kama akina mama wa San Lorenzo, ukazungumze na mwalimu wake. Naye akijua kwamba wazazi wako pamoja naye, hataogopa kuwatoa watoto nje ya mlango.