Dakta Krapf na Waliomshika Mkono

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali, pana kaburi la mama mmoja wa Kizungu na mwanawe mchanga. Mume wa mama huyo alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani ambaye hutajwa kila inapozungumzwa historia ya Kiswahili. Wengi wanamjua kwa kamusi yake. Ni wachache wanaowakumbuka watu waliomwezesha kuishi pwani hii.

Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 katika kijiji cha Derendingen. Alianza kazi ya umishenari Habeshi, na njia ya huko ilipofungwa akaja Unguja mnamo Januari 1844. Seyyid Said alimpokea vyema na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Basi Mkristo huyu aliingia Mombasa kwa hisani ya mtawala Mwislamu.

Juni mwaka huo alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidini. Kadhi hakuiacha dini yake, wala mgeni hakuiacha yake, lakini kazi ilifanyika.

Mwezi uliofuata ukaja msiba. Homa iliwalaza mume na mke pamoja. Tarehe 6 Julai Rosina alijifungua mtoto wa kike, na baada ya wiki moja akafariki dunia. Mtoto naye hakukawia kumfuata mamaye. Rosina alikuwa ameusia azikwe bara, ili wapita njia waone kaburi lake na kukumbuka kilichomleta. Mwingine angalipanda chombo arejee kwao. Krapf alibaki.

Mwaka wa 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, nao wakapata ruhusa ya wazee wa Rabai kukaa kwao. Siku ya kuhamia huko wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja, wakawa wanapokezana kumpanda.

Mnamo Desemba 1849 Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, kwa Kivoi, mzee mashuhuri wa Wakamba. Aliporudi mwaka wa 1851, msafara wao ulivamiwa karibu na mto Tana na Kivoi akauawa. Krapf alitangatanga nyikani peke yake kwa njaa na kiu, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Bila wenziwe, hapo ndipo alipokaribia mno kuangamia.

Tusimpambe kupita kiasi. Aliiona dini ya Kiislamu kuwa mpinzani wake, na aliandika juu yake kwa ukali. Yeye pia alishikilia Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, wakati wenyewe walikuwa wakikiandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Uamuzi wa namna hiyo ndio uliowafanya wajukuu wengi washindwe kusoma maandishi ya babu zao. Hata hivyo, ni yeye aliyechukua miswada ya tenzi zetu, ukiwamo Utenzi wa Tambuka, na mwaka wa 1854 ikawekwa katika maktaba ya Halle, Ujerumani, ambako imehifadhika.

Waliobatizwa kwa mkono wake walikuwa wa kuhesabika. Alirejea kwao mwaka wa 1853 kwa sababu ya afya, akaendelea na kamusi hadi uzeeni. Alifariki Novemba 1881 mjini Korntal. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilichapishwa mwaka uliofuata.

Juu ya jalada limo jina moja tu, la Krapf. Lakini maneno yaliyomo ndani aliyapata vinywani mwa watu wa Mombasa na Rabai, watu waliomkaribisha mgeni wa dini nyingine, wakaketi naye na kumfunza lugha yao.