Dk. Matthew Lukwiya, daktari aliyerudi Gulu wenzake wakitaka kukimbia

Kila likizuka gonjwa la kuambukiza swali linarudi lile lile. Ilikuwa hivyo kwenye Korona ya 2020, na Marburg ilipoingia Kagera 2023. Daktari au nesi ahatarishe maisha yake mpaka wapi? Naye ana watoto nyumbani jamani. Leo nataka tumkumbuke mtu aliyelijibu swali hili kwa vitendo, pale kwa jirani zetu Uganda.

Matthew Lukwiya alizaliwa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1957. Baba alikufa maji Matthew akiwa bado mdogo, mama akawa anahangaika na biashara ndogondogo. Lakini kijana kichwa kilikuwa kinachemka: alisoma kwa ufadhili mpaka Makerere, akatoka daktari.

Mwaka 1983 alikwenda kufanya mazoezi ya kazi hospitali ya misheni ya Lacor, karibu na mji wa Gulu. Hospitali hiyo ilikuwa mikononi mwa Dk. Piero Corti, Mwitaliano, na mkewe Dk. Lucille Teasdale kutoka Kanada. Huyo mama aliambukizwa Ukimwi akiwapasua wagonjwa, akafariki 1996. Kwa hiyo Matthew hakuhitaji kuhadithiwa kwamba kazi hii inaua. Aliiona kwa bosi wake.

Baadaye alikwenda Liverpool kusomea tiba ya watoto ya nchi za joto, akafanya vizuri mno. Angeweza kubaki Ulaya ale maisha. Akarudi Lacor, tena wakati vita vya waasi vimepamba moto. Ijumaa Kuu ya 1989 waasi walivamia hospitali wakitaka kuondoka na masista. Matthew akajitoa achukuliwe yeye badala yao. Akazungushwa porini kama wiki hivi, ndipo wakamwachia.

Sasa tuje Oktoba 2000. Matthew alikuwa Kampala na mkewe Margaret na watoto wao watano, anasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Akapigiwa simu: kuna ugonjwa wa ajabu Lacor, wanafunzi wa unesi wanakufa. Aliacha masomo akaenda siku hiyo hiyo.

Alichofanya pale ndiyo sababu naandika habari hii. Alipitia mafaili ya wagonjwa, akasoma miongozo, akashuku Ebola. Hakusubiri barua zipite ofisi kumi. Alipiga simu moja kwa moja kwa wakubwa wa wizara ya afya, na sampuli zikapelekwa Afrika Kusini. Katikati ya mwezi majibu yakarudi: ni Ebola kweli. Yeye alikuwa ameshatenga wodi maalumu, na wahudumu wa wodi hiyo walikuwa ni wa kujitolea. Kila anayeingia lazima avae glavu, maski, gauni na miwani ya kukinga macho. Wakati huo hakukuwa na chanjo wala dawa.

Bado wahudumu waliendelea kufa. Usiku mmoja wa Novemba nesi mmoja mgonjwa alizidiwa, anatoka damu, anahangaika kitandani. Matthew akaamshwa alfajiri. Alivaa maski, glavu na gauni akaenda kumsaidia, lakini macho hakuyakinga.

Siku chache baadaye wafanyakazi kama 400 walikusanyika, hofu imewajaa, wengi wanataka hospitali ifungwe. Aliwaambia anayetaka kuondoka aondoke, yeye anabaki, na kama hospitali ikifungwa basi Gulu hatarudi tena. Wakajadiliana kwa masaa, mwisho wakakubali kuendelea. Ukipiga hesabu ya siku, inaelekea virusi vilikuwa vimeshamwingia.

Homa ilianza siku hizo hizo, na vipimo vikathibitisha. Margaret alifika, akaruhusiwa kumwona akiwa kavaa mavazi ya kujikinga. Usiku wa kuamkia Desemba 5, 2000 Matthew akafariki, miaka 43. Alizikwa siku hiyo hiyo pale pale Lacor, kando ya kaburi la Dk. Lucille. Mlipuko ulitangazwa kwisha Februari 2001: wagonjwa 425, waliokufa 224.

Wapo watakaosema aliwaonea watoto wake watano. Siwezi kuwabishia, maana deni hilo Margaret ndiye aliyebaki analilipa. Lakini simu yake ya mapema iliokoa watu wangapi? Na wale 400 wangebaki kweli kama kiongozi wao angekuwa anawapigia simu kutoka Kampala?

Mimi ninachojifunza ni hiki. Kuwahi kutoa taarifa na kuvaa vifaa ni wajibu kama ulivyo wajibu wa kumhudumia mgonjwa. Matthew alilijua hilo kuliko wote, na mara moja tu, kwa huruma na haraka, akateleza. Septemba 2022 Ebola ilirudi Uganda, na mwezi uliofuata daktari kijana Mtanzania aliyekuwa akisomea upasuaji huko akafariki kwa kuambukizwa. Basi tunapowapigia makofi mashujaa hawa, tuulize pia: store ya zahanati ya kijijini kwako leo ina glavu ngapi? Miwani je?

Mungu amlaze pema. Nawe mdau, ungekuwa Matthew, ile simu ya Oktoba ungeijibuje?