Rosanjin: Mpishi aliyewajua wageni wake kabla ya kwenda sokoni

Mgeni anayekuja kulala katika kambi za watalii za Mikumi huwa ameweka nafasi wiki kadhaa, na pengine miezi, kabla ya kufika. Mpishi wa kambi anajua kwamba Jumamosi ijayo atakuwa na sahani ngapi za kujaza. Lakini mkulima wa nyanya wa Kilosa, ambaye yumo katika wilaya hiyo hiyo, hana habari hiyo. Anachuma, anajaza matenga, anayafikisha barabarani na kumsubiri dalali. Zikinunuliwa ni bahati, zikioza ni hasara yake peke yake.

Kati ya sahani iliyokwisha kuhesabiwa na tenga lisilojua linakwenda wapi, ndipo faida kubwa ya mkulima inapopotelea. Huko Japani aliwahi kuishi mtu aliyejenga jina lake lote kwa kuunganisha pande hizo mbili: mgeni anayejulikana kabla hajaketi, na mzalishaji anayefuatwa hadi alipo. Alipanda kutoka utoto wa shida hadi kulisha mawaziri na matajiri wa Tokyo. Kisha akaanguka, tena kwa kosa ambalo wenye maduka na magenge wanalifahamu vizuri.

Mtu huyo ni Kitaoji Rosanjin. Hadi leo, zaidi ya miaka 60 tangu afariki dunia, si rahisi kuzungumzia migahawa ya hadhi ya juu ya Kijapani bila jina lake kutajwa.

Alizaliwa Machi 23, 1883 katika eneo la Kamigamo, mjini Kyoto, akapewa jina la Fusajiro. Ukoo wake ulikuwa wa watumishi wa hekalu, wenye heshima lakini wasio na kipato. Baba yake alijiua kabla mtoto hajazaliwa na mama hakumlea. Mtoto akawa wa kupokelewa na kuachwa, nyumba hii hadi ile, mpaka alipofika umri wa miaka 6 hivi akachukuliwa na familia ya Fukuda iliyoishi kwa kuchonga vibao vya mbao.

Mtoto wa kulelewa hujifunza mapema kujipatia nafasi yake. Inaelezwa kwamba huyu aliipata jikoni. Alipewa kazi ya kupika wali, na akagundua kwamba watu wazima wanatulia wakila wali mzuri. Akajifunza kutofautisha mchele wa daraja la juu na wa daraja la chini, na jinsi ya kuupika ule wa chini usijulikane. Wauza mchele wa Kilosa wanaielewa elimu hiyo bila kuelezwa zaidi.

Shule aliiacha akiwa na miaka 10, akapelekwa kujifunza kazi katika duka la dawa za asili. Mwaka 1903 alikwenda Tokyo na mwaka uliofuata akapata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya uandishi wa brashi, sanaa inayoheshimiwa sana huko. Kwa miaka mingi chakula chake kilitokana na kuandika na kuchonga mihuri na vibao vya majina ya maduka. Mwaka 1910 alivuka bahari kwenda Korea, akafanya kazi huko, kisha akarudi. Aliporejea alikaribishwa na matajiri wa miji kama Nagahama na Kanazawa, akala mezani kwao, akaangalia vyombo walivyotumia. Mwaka 1915 akaanza kujifunza ufinyanzi katika tanuri la mfinyanzi mmoja huko Yamashiro.

Mwaka 1919 Rosanjin na rafiki yake, Nakamura Takeshiro, walifungua duka la vitu vya kale mjini Tokyo. Haukuwa wakati mzuri. Mwaka 1920 uchumi wa Japani uliyumba baada ya neema ya Vita ya Kwanza ya Dunia kumalizika, na sahani ya kale si kitu ambacho mtu hukinunua mfuko ukiwa umekauka.

Badala ya kukaa akisubiri wateja, Rosanjin alianza kuwapikia. Chakula alikipakua katika vyombo vile vile vilivyokuwa vimepangwa vikingoja kuuzwa. Mali iliyolala dukani ikaanza kufanya kazi. Mteja alikula, akafurahi, na mara nyingine akaitamani sahani aliyolia. Mwaka 1921 shughuli hiyo ikawa klabu rasmi ya wanachama wapenda chakula kizuri, iliyokutana ghorofani juu ya duka.

Septemba 1, 1923 tetemeko kubwa la ardhi na moto vilivyoua watu zaidi ya 100,000 viliiteketeza sehemu kubwa ya Tokyo, na duka nalo likaungua. Wengi wangeishia hapo. Yeye na Nakamura walikuwa wamebaki na kitu kimoja ambacho moto haukukigusa, nacho ni orodha ya watu waliokuwa tayari kulipa. Machi 1925 walifungua mgahawa mkubwa zaidi ulioitwa Hoshigaoka Saryo, juu ya kilima katikati ya jiji. Nakamura alikuwa mkuu wa kampuni, Rosanjin akisimamia jiko, vyombo na kila kilichopita mbele ya macho ya mgeni.

Huo nao ulikuwa wa wanachama. Wanasiasa, wafanyabiashara wakubwa na watu wa ukoo bora walitaka majina yao yawe humo, kiasi kwamba kutokuwa mwanachama kulianza kuonekana kama kasoro. Watu husema hiyo ni majivuno ya matajiri, na ni kweli. Lakini kwa jicho la biashara kuna jambo lingine. Jiko lenye wanachama halibahatishi. Linajua nani anakuja, hivyo linaweza kununua kilicho bora kwa kiasi kinachotosha bila kuogopa kukitupa kesho yake. Hoteli ya barabarani haiwezi kufanya hivyo. Inapika sufuria kubwa na kuomba basi lisimame.

Kwa wageni hao wanaojulikana, Rosanjin aliwafuata wazalishaji walipo. Mfano unaosimuliwa sana ni wa ayu, samaki mdogo wa mtoni ambaye utamu wake hupotea haraka akishakufa. Wale aliowataka walipatikana katika mto wa milimani huko mkoa wa Kyoto, mamia ya kilomita kutoka Tokyo. Aliwasafirisha kwa treni wakiwa hai, ndani ya vyombo vya maji, na watumishi wakiyachota na kuyamimina tena maji hayo safari nzima ili samaki wapate hewa. Gharama ilikuwa kubwa. Hata hivyo mgeni wa Tokyo alikula samaki wa Kyoto kama aliyetolewa mtoni saa ile, na bei ya mezani ikafuata.

Imani yake ilikuwa moja: sehemu kubwa ya ladha iko katika kitu chenyewe kabla mpishi hajakigusa. Mboga iliyochelewa kufika hairekebishwi kwa viungo. Kwa maneno mengine, mpishi mkubwa kuliko wote wa wakati wake alimpa mvuvi na mkulima sifa ambayo wapishi wengi huitaka iwe yao.

Wageni walipoongezeka, vyombo vya kale havikutosha. Mwaka 1927 alijenga tanuri lake huko Kita-Kamakura, nje ya Tokyo, akaanza kufinyanga sahani na mabakuli ya mgahawa. Hapo ndipo mpishi alipogeuka mfinyanzi, na ni ufinyanzi uliomfanya ajulikane nje ya Japani.

Utaratibu alioutumia haukufa. Migahawa ya juu ya Kijapani leo, mingi yake, ni midogo ajabu. Pengine ni meza moja ndefu mbele ya mpishi, yenye viti visivyofika 10. Mgeni huweka nafasi wiki au miezi kabla, mara nyingi kwa kusaidiwa na hoteli aliyofikia. Huulizwa mapema kama kuna chakula kinachomdhuru, kwa kuwa akifika hachagui. Mpishi ndiye anayepanga kufuatana na kilichopatikana sokoni asubuhi ile. Asipotokea, hutozwa, wakati mwingine bei nzima. Kyoto zipo nyumba ambazo hazimpokei mgeni wa mara ya kwanza hadi mteja wa siku nyingi amdhamini. Mfanyabiashara wa Kitanzania anayealikwa huko na mnunuzi wake asidhani ni dharau. Kama ndiye anayealika, achague kwanza aina ya chakula na msimu, kisha aulize nafasi za mchana, ambazo aghalabu bei yake ni nafuu kuliko ya usiku.

Nguvu ya mfumo huo ni kwamba kila kiti kilichowekwa ni oda iliyokwisha kwenda kwa mvuvi na mkulima. Kambi za Mikumi zina daftari la wageni la namna hiyo hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kumfikishia mkulima hesabu iliyomo: nyanya kilo ngapi, vitunguu vya ukubwa gani, siku gani. Kikundi cha wakulima 10 kinachoweza kuahidi na kutimiza kitasikilizwa na mpishi haraka kuliko mtu mmoja mwenye gunia la lumbesa.

Japani yenyewe nayo si mbali kama inavyodhaniwa. Nchi hiyo huagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazouza huko. Ufuta unaopandwa Kilosa na wilaya nyingine nchini ni wa jamii ile ile inayosagwa na kugandishwa kuwa chakula laini kama jibini, kinachopakuliwa katika migahawa ya namna ya Rosanjin. Ila masharti ni makali. Tangu Mei 2006 Japani imeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo kwa mabaki ya dawa ya kilimo isiyowekewa kiwango chake maalumu. Hiyo ni sawa na gramu 1 ya dawa katika tani 100 za ufuta. Anayehifadhi ufuta katika gunia lililowahi kubeba dawa anawaharibia na wenzake wote waliouweka katika ghala moja.

Sasa turudi kwa Rosanjin, maana upande wa pili wa maisha yake hausifiwi sana.

Alikuwa mkali. Wapishi na watumishi walifukuzwa kwa makosa madogo. Alioa mara kadhaa na ndoa zikavunjika. Na fedha hakuzihesabu. Alitaka samaki bora, mboga bora, sahani bora na vitu vya kale kwa ajili ya kujifunzia ufinyanzi, na gharama zote ziliangukia kampuni ambayo yeye hakuwa mkuu wake. Mwaka 1935 kampuni ilifungua tawi Osaka. Mwaka uliofuata, Julai 1936, uvumilivu wa Nakamura ulikwisha. Mtu aliyeupa mgahawa jina, ladha na vyombo aliachishwa kazi kwa barua.

Hapa mwandishi wa historia anaweza kumlaumu Nakamura. Mhasibu hawezi. Mgahawa uliojaa kila usiku unaweza kufa kwa kukosa fedha ikiwa anayenunua haulizwi na anayeulizwa hanunui. Rosanjin aliijua bei ya ubora, ila hakujiuliza kama sahani moja moja inairudisha. Vilevile, kwa miaka zaidi ya 10 alikuwa amejenga jina kubwa ndani ya nyumba ambayo mwenzake aliweza kumtoa kwa bahasha.

Alirudi Kita-Kamakura akaishi kwa kufinyanga. Mwaka 1945 mabomu ya ndege za Marekani yaliuteketeza mgahawa wa Hoshigaoka. Baada ya vita alifungua duka la vyombo Ginza, na wageni wa kigeni wakawa wateja wake wakubwa. Mwaka 1954, akiwa na miaka 71, alizuru Marekani na Ulaya, na kazi zake zikaonyeshwa New York. Huko Paris alikwenda katika mgahawa maarufu wa bata, La Tour d'Argent, akaikataa sosi ya nyumba hiyo na kutoa mfukoni sosi yake ya soya na unga wa wasabi. 

Mwaka 1955 serikali ya Japani ilitaka kumtunuku heshima ya juu inayopewa mafundi wa sanaa za jadi. Alikataa.

Alifariki Desemba 21, 1959 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 76. Chanzo kilitajwa kuwa minyoo ya ini, na wengi wamehusisha jambo hilo na konokono wa majini aliowapenda bila kuiva vizuri. Sahani alizofinyanga ili ayu wapate pa kulala leo hununuliwa minadani kwa bei ambayo mgahawa wake haukuwahi kuiona.

Kile kilima cha Tokyo nacho hakikubaki kitupu. Mwaka 1963 ilijengwa hapo hoteli ya Hilton, na sasa ipo hoteli nyingine, The Capitol Hotel Tokyu, iliyofunguliwa mwaka 2010. Ndani yake kuna mgahawa wa Kijapani, na mtu akitaka meza huweka nafasi.