Bikila Hakukimbia Peku kwa Kukosa Viatu

Bumu likitoka, mada ya mabweni huwa ni raba. Wa upande wa Temeke wanaenda Tandika kuchambua mtumba, wa Kinondoni wanamalizia Mwenge. Na hakosi mmoja wa kusema kwamba raba za mazoezi ni kupoteza hela, chukua za mtoko tu, kwani Abebe Bikila si alishinda peku? Mimi nasomea ualimu, na maneno hayohayo nimeyasikia yakiambiwa watoto wa shule moja huko Temeke wakati wa mazoezi ya kufundisha. Kwa hiyo tumsimulie Bikila vizuri.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, Ethiopia. Ukubwani aliingia kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na huko akanolewa na kocha kutoka Sweden, Onni Niskanen. Mazoezini alikimbia mara na viatu, mara peku, kwa hiyo nyayo zake zilikuwa zimekomaa kabla hajapanda ndege kwenda Olimpiki ya Rome mwaka 1960.

Kule viatu vilikuwepo. Shida ni kwamba havikumkaa vizuri. Kiatu kinachobana ukienda nacho darasani utavumilia. Ukienda nacho kilomita 42 utatoka na malengelenge. Basi akaamua kukimbia peku. Jioni ya tarehe 10 Septemba alichomoka karibu na mnara wa Aksum, ule ambao Waitalia waliubeba kutoka Ethiopia baada ya kuivamia mwaka 1935, akamwacha Rhadi wa Morocco na kumaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki kwa ajili ya nchi ya Afrika.

Wengi hadithi wanaikatia hapo. Lakini tarehe 21 Oktoba 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, Bikila alikimbia tena, safari hii Tokyo. Miguuni alivaa raba za Puma na soksi. Alitumia saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Sisemi raba ndizo zilizompunguzia zile dakika tatu. Nasema tu kwamba alipopata kiatu kinachomfaa, alikivaa.

Mexico mwaka 1968 mguu ulimuuma akaishia njiani. Ni mbio zilezile ambazo Mtanzania wetu John Stephen Akhwari alizimaliza wa mwisho, goti likiwa limefungwa bandeji. Mwaka uliofuata Bikila alipata ajali ya gari, akapooza miguu. Hakukaa akajikunyata, alishindana kulenga shabaha kwa upinde akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na miaka 41.

Sasa turudi sokoni. Raba ya mtoko inachaguliwa kwa macho: rangi, mtindo, inavyokaa na jinzi. Hakuna ubaya, wote tunapenda kupendeza. Ya mazoezi inachaguliwa kwa mguu. Nenda jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Vaa zote mbili na soksi, maana mguu mmoja unaweza kuuzidi mwingine. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, ikunje uone inapokunjikia, bonyeza soli usikie kama bado ina uhai. Kama ni mtumba, kagua gundi. Chapa iwe ya mwisho kuangaliwa. Na kama hela inatosha pea moja tu na wewe ni mtu wa kukimbia, anza na hiyo. Mtoko utasubiri bumu lijalo.

Kwa sisi tunaokwenda kuwa walimu, jambo ni zito zaidi. Bikila aliamua mwenyewe, akiwa mtu mzima, akiwa na kocha pembeni. Mtoto wa Mbagala anayekimbia peku kwenye kokoto hajaamua chochote. Tusimpe jina la Bikila ili tukwepe kumtafutia raba.