John Pender

Sir John Pender (10 Septemba 1816 – 7 Julai 1896) alikuwa mfanyabiashara na mwanasiasa kutoka Uskoti, Uingereza. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa mtandao mkubwa wa telegrafu za chini ya bahari katika karne ya 19. Alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Telegraph Construction and Maintenance Company, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza kebo za telegrafu huko Greenwich, London. Katika historia ya Afrika Mashariki anakumbukwa kwa kebo ya mwaka 1879 kutoka Aden hadi Durban. Kebo hiyo ilitua Zanzibar na Kisiwa cha Msumbiji, lakini ilipita baharini mbele ya Mikindani na mdomo wa mto Ruvuma bila kutua.

Maisha ya awali

Pender alizaliwa katika bonde la mto Leven, wilaya ya Dunbartonshire. Alisoma Glasgow, kisha akaingia katika biashara ya nguo, kwanza mjini humo na baadaye Manchester. Nguo za pamba ndizo zilizompatia utajiri. Mfanyabiashara wa aina yake aliuza bidhaa katika nchi za mbali na kusubiri barua kwa wiki nyingi kabla ya kujua bei ilikuwaje, hivyo si ajabu kwamba alivutiwa mapema na telegrafu.

Alioa mara mbili. Mke wa kwanza alifariki mwaka mmoja tu baada ya ndoa. Mwaka 1851 alimwoa Emma Denison.

Telegrafu na kiwanda cha Greenwich

Pender alikuwa miongoni mwa watu waliotoa fedha kwa Atlantic Telegraph Company, iliyoundwa mwaka 1856 kwa lengo la kuunganisha Ulaya na Amerika. Kebo yake ya mwaka 1858 ilifanya kazi kwa wiki chache tu, ikafa. Wenye hisa wengi walikata tamaa.

Tatizo kubwa lilikuwa utengenezaji. Kebo ya baharini ina kiini cha nyaya za shaba kinachopitisha umeme. Kiini hicho hufunikwa kwa kitu kisichopitisha umeme wala maji, kisha huzungushiwa katani na nyaya za chuma ili kisikatike. Wakati ule kifuniko kilichofaa kilikuwa gutapacha, utomvu mgumu wa miti ya Malaya na visiwa vya jirani. Utomvu huo ulipatikana kwa kuikata miti yenyewe, na misitu mingi iliharibiwa kwa ajili yake. Haupaswi kuchanganywa na mpira wa mwitu uliokusanywa na Wamakonde katika miaka hiyo na kuuzwa nje kupitia Lindi na Mikindani: mpira huo ulitokana na mimea mingine na haukuwa gutapacha.

Kabla ya 1864 kampuni moja, Gutta Percha Company, ilitengeneza kiini, na nyingine, Glass, Elliot and Company, iliongeza katani na chuma. Mwaka huo Pender alisimamia muungano wao, na hapo ikazaliwa Telegraph Construction and Maintenance Company, maarufu kwa kifupi Telcon. Ili muungano ukubalike, yeye binafsi alitoa dhamana ya pauni 250,000, kiasi kikubwa mno kwa mtu mmoja.

Mwaka 1865 meli kubwa Great Eastern ilianza kutandaza kebo mpya ya Atlantiki, lakini ikakatika katikati ya bahari. Mwaka 1866 kazi ilirudiwa na kufaulu, na kebo iliyopotea iliopolewa na kumaliziwa. Tangu hapo Telcon ilikuwa mtengenezaji mkuu wa kebo za baharini duniani kwa miongo kadhaa.

Pender hakuwa mhandisi, na ustadi wake ulikuwa katika kugawa hatari ya fedha. Badala ya kampuni moja kubwa alianzisha kampuni ndogo kwa kila kipande cha njia, ili ajali ya kipande kimoja isizamishe vyote. Mwaka 1870 London iliunganishwa na Bombay kwa njia ya Gibraltar, Malta, Suez na Aden. Mwaka 1872 vipande hivyo viliunganishwa kuwa Eastern Telegraph Company, naye akawa mwenyekiti. Uenyekiti wa Telcon alikuwa ameuacha, lakini kampuni zake ziliendelea kununua kebo Greenwich.

Katika siasa hakuwa na sifa safi. Alichaguliwa mbunge wa Totnes mwaka 1862, na ushindi wake uliofuata ulibatilishwa mwaka 1866 kwa sababu ya hongo katika uchaguzi. Baadaye aliwakilisha Wick kuanzia 1872 hadi 1885, na tena kuanzia 1892.

Kebo ya Afrika Mashariki

Hadi mwaka 1879 telegrafu iliishia Aden. Habari za kifo cha David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873, zilipofika Zanzibar ilibidi zipelekwe Aden kwa meli kabla ya kutumwa London.

Serikali ya Uingereza ilisitasita kulipia kebo ya kusini hadi jeshi lake liliposhindwa na Wazulu huko Isandlwana tarehe 22 Januari 1879. Habari hizo zilifika London tarehe 11 Februari, siku 20 baadaye. Mwaka huohuo Pender alianzisha Eastern and South African Telegraph Company kwa msaada wa ruzuku za serikali. Kebo ya Telcon ilitandazwa kati ya Durban, Ghuba ya Delagoa, Kisiwa cha Msumbiji, Zanzibar na Aden, na mwishoni mwa Desemba njia yote ilikuwa wazi.

Sultani Barghash bin Said aliipa kampuni kisiwa cha Bawe, magharibi ya Mji Mkongwe, kwa ajili ya shughuli za kebo. Neno simu, ambalo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, lilizoeleka kwa ujumbe wa telegrafu kabla ya kuitwa hivyo kwa mashine ya kuongelea.

Mikindani na mdomo wa Ruvuma

Kutoka Zanzibar hadi Kisiwa cha Msumbiji ni karibu kilomita elfu moja, na mdomo wa Ruvuma uko karibu nusu ya njia hiyo. Mikindani ilikuwa bandari ya zamani chini ya himaya ya Sultani, lakini haikupewa kituo. Mji wa Mtwara haukuwepo bado. Ulikua baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mtu wa Mikindani aliyetaka kupeleka habari Ulaya alitegemea chombo cha tanga hadi Zanzibar: wakati wa kusi safari ya kwenda kaskazini ilikuwa nyepesi, wakati wa kaskazi ilikuwa ya taabu. Zanzibar na London ziliwasiliana haraka kuliko Zanzibar na Mikindani.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito wakati pwani ilipogawanywa. Mwaka 1885 Barghash alitumia telegrafu kumlalamikia Kaisari wa Ujerumani juu ya mikataba ya Karl Peters. Malalamiko hayakumsaidia. Waya uleule ulimletea balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk, maagizo ya London kwamba asiwapinge Wajerumani. Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mipaka ya Sultani, na tarehe 30 Desemba mwaka huo Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Ruvuma iwe mpaka wao. Mwezi Februari 1887 Wareno waliteka Ghuba ya Tungi, kusini mwa mdomo wa Ruvuma, ambako Sultani alidai mamlaka. Watu wa huko hawakuulizwa. Mgogoro wa eneo dogo la Kionga, lililochukuliwa na Ujerumani mwaka 1894, uliendelea hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Pender mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa waya na si mtunga mipaka. Hata hivyo ruzuku alizopokea zilitolewa kwa sababu za kijeshi na kiutawala, na kebo ilitumika hivyo.

Kifo na baada yake

Pender alitunukiwa nishani ya KCMG mwaka 1888 na GCMG mwaka 1892. Katika miaka yake ya mwisho aliongoza pia Metropolitan Electric Supply Company, iliyosambaza umeme London. Alifariki tarehe 7 Julai 1896 nyumbani kwake Foots Cray Place, Kent. Wiki saba baadaye, Khalid bin Barghash aliposhika jumba la Sultani mjini Zanzibar, Mwingereza Basil Cave aliomba kwa telegrafu ruhusa ya London kutumia nguvu. Ruhusa ilikuja, na tarehe 27 Agosti jumba lilipigwa mizinga kwa muda usiozidi saa moja.

Mwanawe John Denison-Pender aliendeleza kampuni za telegrafu. Mwaka 1929 ziliunganishwa na biashara ya redio ya Marconi, na kuanzia 1934 ziliitwa Cable and Wireless. Shughuli za kebo za baharini za Telcon ziliunganishwa na zile za Siemens Brothers mwaka 1935, na Telcon yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya BICC mwaka 1959.

Jengo la zamani la mawasiliano ya nje huko Shangani, Zanzibar, sasa ni hoteli. Kebo za intaneti za SEACOM na EASSy, zilizoanza kazi 2009 na 2010, zinatua Dar es Salaam na Maputo. Kama ile ya 1879, zinapita mbele ya pwani ya Mtwara bila kutua.